Mtungi wa Bibi Uliobaki Nje ya Moto

Udongo wa kufinyangia hatuupati juu kwetu Newala. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu, mzuri kwa mikorosho na mihogo, lakini ukiukanda na maji haushikani. Udongo wa vyungu tunaufuata bondeni, chini ya yale magenge ambayo wageni huja kuyapiga picha pale Shimo la Mungu, kisha tunaupandisha kichwani. Ndoo ya lita 10 iliyojaa udongo mbichi hukaribia kilo 15. Kwa hiyo chungu kinachopasukia motoni hakipotezi udongo tu, kinapoteza na ule mlima. Ndiyo maana Jumamosi moja ya Agosti 2015, binti yangu wa darasa la tatu alipomwambia bibi yake asiweke mtungi motoni, hakuna aliyelichukulia kuwa neno la kitoto tu. Wengine walicheka, lakini kazi ilisimama.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa maji, lita kama 12, tumbo pana, shingo fupi. Mama yangu aliufinyanga kwa ajili ya mteja wa Kitangari aliyekwisha kulipa nusu. Mtungi wa ukubwa huo, wakati wa kusi, hutaka wiki mbili kivulini kabla ya kuonjeshwa jua. Huu ulikuwa na wiki moja na ushei. Kwa macho ulionekana umekauka kabisa: rangi imeshapauka kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Lakini kusi hudanganya. Upepo wake mkavu hukausha ngozi ya nje haraka, na udongo wa ndani hubaki na maji yake. Tena mtungi haukauki sawasawa. Mdomo ni mwembamba na uko wazi, unakauka kwanza. Kitako ndicho kinene, ndicho kinachoshika unyevu mpaka mwisho. Tunaufunika mdomo kwa kitambaa chenye maji na kuugeuza mtungi kifudifudi ili kitako kipate hewa, na bado kitako huchelewa.

Mtoto hakuwa ametumwa kukagua. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuleta vyungu kutoka ndani hadi uani, kimoja kimoja, mkono mmoja chini na mwingine ubavuni, kamwe si kwa kushika mdomo. Ila alikuwa na tabia ambayo sijui aliianza lini: kila chungu alichokibeba alikilaza kwenye shavu. Udongo wenye maji ni wa baridi shavuni, kwa sababu maji yanapotoka huondoka na joto. Uliokauka kweli una joto lilelile la hewa. Baada ya shavu, anagonga kwa kifundo cha kidole. Kikavu kinajibu kwa sauti kali. Chenye unyevu kinajibu kwa kishindo kizito, na chenye ufa usioonekana kinatoa mlio uliopasuka. Shavu nilimwonyesha mimi. Masikio alikuja nayo mwenyewe.

Hapo lazima niseme jinsi alivyofika. Watu hupenda kunisomea ile methali ya udongo upatilize uli maji kila wanapomwona na donge mkononi. Mfinyanzi anaijua methali hiyo upande wake wa pili: udongo wenye maji mengi ukiukazania unalala chini. Kuna saa ya kuuacha upumzike. Kwa hiyo tangu alipokuwa na miaka mitano nilimpa donge la ukubwa wa ngumi yake, si ya kwangu, na kigae chake cha kuzungushia. Anatia kidole gumba katikati, anafinya ukuta huku anazungusha kigae, asiupandishe zaidi ya urefu wa kidole chake cha kati. Ukuta ukiyumba simshikii. Ukianguka tunauacha ukauke mpaka uwe mkavu kabisa, ndipo tunautumbukiza majini. Hili huwashangaza wanafunzi wakubwa pia: udongo mkavu hulainika majini haraka ukawa tope, lakini ulio nusu mbichi hukaa na madonge siku nzima na kuharibu udongo wote utakaokandwa baadaye.

Kile alichofika nacho motoni kikavunjika hatukukitupa. Tulikitwanga kwenye kinu kikuukuu, tukachekecha, ukawa unga wa vigae. Kipimo chetu ni bakuli moja la unga huo kwa mabakuli manne ya udongo mkavu uliochekechwa. Unga wa vigae umeshapita motoni, haunywei tena, kwa hiyo unapunguza kusinyaa kwa chungu na kuyafungulia maji njia ya kutokea. Ukizidisha, udongo unakuwa mkavu mkononi na mdomo wa chungu unachanika unapoukunja. Ukipunguza, nyufa.

Alipofika miaka saba alikwenda kwa shangazi yake Mikindani, akarudi na mfuko wa mchanga mweupe wa ufukweni. Akataka kuutumia badala ya vigae, kwa kuwa ni mzuri na haumtaki mtu kutwanga. Nilijua utakachofanya, nikamwacha achanganye udongo wa vyungu vitatu vidogo. Vilitoka motoni vizima, akanitazama kwa macho ya ushindi. Siku chache baadaye vikaanza kutoa vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga: vimagamba vinaruka, na chini ya kila kimoja kuna chembe nyeupe. Mchanga ule una vipande vya makombe na matumbawe ndani yake, na makombe yakiungua huwa chokaa. Chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa taratibu, huvimba, na kusukuma udongo mpaka ubanduke. Nilimweleza, akaenda kutafuta kipande cha kombe, akakitia jikoni kwenye makaa mekundu, akakiacha hapo saa kadhaa, kisha akakidondoshea maji akione kikichemka na kusagika. Siku ile ndipo nilipojua kuwa kwa huyu mikono si tatizo, na kwamba kazi yangu ni kumpa vitu vya kujaribia na kuondoka njiani.

Turudi uani. Alikuwa amesimama na mtungi kifuani, mkubwa karibu kumzidi, hauweki chini wala haupeleki kwenye kuni.

“Bibi, samahani. Huu bado.”

“Bado nini?”

“Bado una maji. Hapa chini.”

Mama yangu alikuwa anapanga kuni, hakuinuka. “Mke mwenzangu leo kaja kunifukuza kazini,” akasema, na wanawake waliokuja kuchanganya vyungu vyao na vyetu wakaangua kicheko. Mtoto hakucheka wala hakubisha. Alipiga goti, akaulaza mtungi kwenye ngata ya nguo, akageuza kitako kwa bibi yake. “Weka shavu, bibi.”

Bibi aliweka kiganja. Kiganja kilichoshika moto na kokoto kwa zaidi ya miaka 40 hakisikii tofauti ndogo ya baridi. Ndivyo mikono yetu inavyokuwa. Akagonga. Akagonga tena juu, karibu na shingo, akalinganisha. Mimi nilikuwa nimeshika kimya. Mama akimtetea mwanawe mbele ya waliomzidi umri humtia matatani, na zaidi ya hapo nilitaka kuona kama ataweza kusimama peke yake bila kukosa adabu.

“Haya, kaa nao wewe,” bibi akasema mwishowe. “Ukiuvunja utanilipa.” Mtungi ukarudishwa ndani.

Uchomaji ukaendelea. Vilivyobaki tulivizungusha kwanza kandokando ya moto mdogo, hatua moja mbali, tukawa tunavigeuza robo kwa robo mpaka kila upande ulipobadilika rangi na kuwa moto kiasi kwamba mtu hashiki bila kitambaa. Kazi hii huchosha wenye haraka, na hapa ndipo vyungu vingi vinapokufa, kwa sababu wanaivusha. Kisha kitanda cha matawi makavu ya mkorosho, unene wa kifundo cha mkono, juu yake vigae vikubwa ili vyungu visikae moja kwa moja kwenye kuni. Vyungu kifudifudi, vikubwa chini, vidogo juu, kila kimoja kikigusa mwenzake kidogo tu. Juu matawi membamba na magome, halafu nyasi kavu nene pande zote. Maganda ya korosho hatuyatii mwanzoni. Yana mafuta yanayowaka kwa hasira na moshi wake huwasha macho na ngozi. Moto wa namna hiyo ukikutana na chungu kisichopata joto bado unakipasua. Baadaye, mwishoni, machache yanasaidia kuinua joto.

Moto tunauwasha upande upepo unakokwenda, si unakotoka, ili utambae polepole kupingana na kusi. Ukiuwasha upande wa kusi, unaruka juu ya vyungu vyote kwa dakika chache. Kazi yetu baada ya hapo ni kufunika: popote jivu linapofunguka na chungu kuonekana, nyasi zinarushwa. Siku ile upande mmoja ulifunguka wakati watu wako kwenye maji ya kunywa, upepo ukaingia, tukasikia pa! Chungu kimoja cha mboga kilikuwa kimeachia ubavu. Si unyevu huo, chungu kilikuwa kimeshapita hatua hiyo. Ni upepo wa baridi uliopiga upande mmoja wa kitu chekundu. Ukitazama kigae unaona tofauti. Kilichopasuliwa na mvuke hutoka vipande bapa na vidogo vingi, kama kimechunwa kwa ndani. Kilichopigwa na upepo huwa na ufa mmoja mrefu, msafi. Mtoto alikiokota kilipopoa akasema chetu hicho ni cha upepo. Hakuna aliyemuuliza.

Rangi tunayoitafuta ni wekundu wa tunda la kahawa lililoiva, unaoonekana vizuri jua likishuka. Chungu kisichofika hapo kinaonekana kimeiva, lakini ukikitia maji asubuhi kinarudi kuwa tope. Udongo haugeuki chungu kwa kukauka. Unageuka pale joto linapopita nyuzi 500 hadi 600 na kuyatoa yale maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, ambayo jua la Newala halina uwezo nayo hata likiwaka mwaka mzima.

Jioni ile, kabla mtungi haujakaa sana ndani, niliuchukua mpaka dukani kupimwa. Kwetu kila mtu anaijua mizani kwa sababu ya korosho, na anajua pia kuitilia shaka, basi niliomba mawe yawekwe na mimi nikitazama. Ulikuwa kilo saba kasoro robo. Tukaurudisha kivulini, kifudifudi juu ya vijiti vitatu, ukakaa mpaka wiki zake mbili zikatimia, ukapigwa jua la siku moja, nikaupeleka kwenye mizani ileile. Kilo sita na nusu.

Nilimpa mama yangu taarifa hiyo akiwa anachambua mboga. “Robo tu,” akasema. Robo kilo ya maji ni robo lita, kweli si kitu, ni kikombe. Lakini maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Robo lita hiyo hutaka nafasi ya lita 400 na zaidi, yaani mapipa mawili ya mafuta, na yote inataka kupita kwenye ukuta usiofika unene wa kidole ndani ya dakika chache. Ikikosa njia inatengeneza yake, na vipande vyake huvunja vyungu vya majirani. Bibi aliendelea kuchambua mboga. Kisha akauliza yule mtoto yuko wapi.

Mtungi ulichomwa na kundi lililofuata, ukatoka mzima, na baka moja jeusi ubavuni ambalo mteja alilipenda. Hatukuupikia uji wa muhogo kama tunavyofanya kwa vyungu vya kupikia ili kuziba vitundu. Mtungi wa maji lazima uvuje jasho kidogo, ndivyo unavyopoza. Bibi alipopokea hela iliyobaki alimkatia mke mwenzake fungu, nami nikamnunulia nalo chekeche lake mwenyewe, la matundu madogo, ili aache kuniharibia langu.

Sikumwambia mtu kwamba niliutembeza mtungi ule barabarani kwa njia ndefu. Ningeweza kukata kupitia mashambani.

Tangu hapo hakuna chungu kilichoingia motoni pale uani kabla hajakiweka shavuni. Wanawake wenzangu wakaanza kulalamika kwamba siku za shule kazi inalala mpaka saa nane mchana, na mmoja aliniuliza kama mwalimu hawezi kumruhusu mapema Ijumaa. Nikamwambia hapana, vyungu vitasubiri.