Harufu ya ile kanga

Juzi nimeenda kumwona mtoto wa dada yangu, kajifungua kwa oparesheni. Nafika mlangoni tu napokelewa na mvuke wa maji ya moto na mwarobaini, beseni liko chini, mama mmoja wa mtaani kashakunja kitambaa tayari kwa kukanda. Miguu ikaniisha nguvu, hata hongera sikuisema.

Maana mimi nililala hivyohivyo Mbagala, masika ya 2009, na huyu kifungua mimba wangu ambaye sasa hivi ananipita urefu. Wodini tulilala wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne, siku ya tatu nikaruhusiwa, naambiwa kidonda kiwe kikavu. Basi. Kikavu vipi, na mama mkwe (mnajua anavyonipenda) kashaapa lazima nikandwe damu chafu itoke, asubuhi na jioni, akimaliza ananifunga tumbo na kanga anakaza mpaka pumzi inakata.

Siku mbili baadaye nikaanza kuisikia harufu, kama nyama iliyosahaulika kwenye sufuria. Nikajiambia ni damu ya uzazi tu, nikajipaka poda, wageni wakija najisogeza ukutani wasikae karibu. Niliona aibu jamani. Homa ya usiku nikasema ni maziwa yanashuka. Mama mkwe alivyoona majimaji akanunua vidonge vya rangi mbili dukani, akavifungua akanimwagia unga wake kwenye mshono, huku ananiambia pole mwanangu, pole mama.

Siku ya saba akaja jirani yetu, nesi mstaafu, kumwona mtoto. Hata mtoto hakumwangalia. Alisimama palepale mlangoni akavuta pumzi, akauliza, "Nani ana kidonda humu?" Akaomba sabuni. Akanawa pale nje, taratibu, mpaka viwikoni, nakumbuka povu lilivyokuwa linadondoka mchangani na sisi wote kimya. Akaja akaanza kuifungua kanga, mzunguko mmoja mmoja, wa mwisho ukagoma, umeshikana na ngozi. Akaulowesha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akasubiri, akabandua. Kwenye lile ua jekundu la kanga palikuwa na duara la njano, ukingo wake kijani, na unga wa rangi mbili umeganda kama uji mkavu. Mama mkwe hakusema kitu, aliangalia mikono yake, viganja, halafu akaigeuza.

Bajaji, hospitali, kidonda kikafunguliwa chote, wiki tatu za kusafishwa kila siku, nikashonwa upya, na deni lililotufuata mpaka mwaka wa pili.

Watu wakisikia wanamlaumu mama mkwe. Mimi siwezi. Alinifanyia alichofanyiwa yeye, na yeye alizaa kawaida, hakupasuliwa. Karatasi niliyotoka nayo ilikuwa na tarehe ya kutoa nyuzi tu, hakuna aliyetuambia habari ya beseni wala kanga, wala kwamba homa na usaha na harufu ni vya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Na antibayotiki, Shirika la Afya Duniani linataka mama wa oparesheni apewe kabla kisu hakijagusa ngozi, mimi mume wangu aliandikiwa akanunue na mtoto kashazaliwa. Labda hiyo ndo ingeniokoa. Lakini pia harufu niliisikia mimi kabla ya mtu yeyote nikanyamaza, na mpaka leo hilo linanisumbua kuliko yote.

Basi juzi nikamwomba yule mama asogeze beseni pembeni, nikanawa kwa sabuni, nikakaa kitandani. Nikamuuliza yule binti, mwanangu, kuna harufu yoyote unaisikia? Usinionee aibu. Akaangalia kwanza mlangoni alipokuwa amesimama mkwewe, halafu akanivuta mkono niiname ndo akanijibu.