Kikinga jua cha dereva: hatimaye kimeshika

Kimeshika! Leo ni siku ya 19 tangu nikifunge. Nimepita kila tuta lililo kwenye njia zangu, gari limeshinda juani vioo vikiwa vimefungwa, na kikinga bado kimelala darini pale pale nilipokiweka. Nimehangaika nacho miezi 4. Naandika sasa hivi kabla sijasahau hatua zenyewe, maana nilikosea mahali ambapo naamini wengi tunakosea.

Gari lina zaidi ya miaka 25. Kikinga kilianza kwa kuteremka polepole, vidole 2 hivi kwa safari nzima. Mwezi uliofuata kikawa kinadondoka kwa mkupuo kila gurudumu la mbele likiingia shimoni. Siku moja kiliniangukia katikati ya kona, nikapoteza nusu ya barabara machoni. Hapo nikaacha kukiona kama kero ndogo.

Kukaza skrubu za kitako (kile kipande kinachofungwa darini) na kufuta shafti (fimbo ambayo kikinga kinazungukia) kwa spiriti hayo mnayajua, nayaruka. Ila kipimo kimoja nakitaja kwa sababu kingeniokolea wiki 2 kama ningekifanya mapema: shika shafti kwa vidole karibu na kitako, kisha zungusha kikinga kwa mkono wa pili. Shafti ikizunguka pamoja na kikinga, ugonjwa uko kitakoni. Shafti ikitulia na kikinga kikazunguka peke yake, ugonjwa uko ndani. Wangu ulikuwa ndani.

Halafu nikaanza kupima, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa ninapambana na nini. Kikinga kinateremka chini kwa uzito wake, na uzito huo unavuta zaidi kikiwa kimelala darini. Kikining'inia wima hakivuti kabisa. Kwa hiyo mahali tunapotaka kishike ndipo kazi ilipo nzito kuliko kwingine. Changu kina gramu 310. Uzito wake umekaa karibu katikati ya upana, kwa hiyo ili kisianguke lazima kishikwe kwa nguvu inayolingana na gramu 155 ukingoni. Zinasikika kidogo. Lakini ukingo uko sentimita 16 kutoka kwenye shafti, na shafti yenyewe ina nusu kipenyo cha milimita 4 tu, yaani mara 40 pungufu. Zile gramu 155 za ukingoni zinageuka kilo 6.2 kwenye uso wa shafti. Hapo hujaweka tuta hata moja.

Nilichukua mizani ya kidijitali ya kupimia mizigo, ile ya kuning'iniza, nikaifunga kwa uzi ukingoni mwa kikinga kikiwa wima, nikavuta kwa ulalo mpaka kikaanza kusogea. Kikinga cha abiria: gramu 400. Cha dereva: 130. Pungufu ya 155, kwa hiyo ilikuwa lazima kianguke. Kuanzia hapo kila nilichokifanya nilikipima kwa uzi ule ule, na kila namba nikaiandika ukutani karibu na meza yangu.

Jaribio la kwanza lilikuwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, wa mafundi umeme. Nilichomoa kikinga kwenye shafti, nikavalisha mrija, nikapuliza joto, nikarudisha. Gramu 350! Nilifurahi kwa siku 3. Siku ya 4 gari lilikaa kwenye jua kali mchana kutwa. Niliporudi mrija ulikuwa umejikunja ndani kama soksi iliyolegea. Tena ulikuwa umeshaniharibia kitu kingine. Shafti hizi zina ubapa uliosagwa upande mmoja, na ubapa huo ndio unaotoa ule mlio wa "tak" kikinga kinapofika darini. Mrija uliufunika, mlio ukapotea. Kikinga kisicho na "tak" kinategemea msuguano peke yake, na msuguano peke yake ni mtumishi mchovu.

Nikaamua kukifungua. Wengi hutumia wembe kufungua mshono wa reksini, nami nilianza nao, nikaharibu sentimita 3 za ukingo. Chukueni kile kifumua nyuzi cha mafundi cherehani, chenye ncha 2 na makali katikati. Ncha ndefu inapita chini ya ukingo, makali yanafuata mstari wenyewe, mkono hautelezi. Nimekuwa na bisibisi za kila aina na koleo za kila umbo, lakini katika mradi huu wote hakuna chombo kilichonipa raha kuliko hicho kidude cha kufumulia nyuzi. Fungua upande wa juu tu, kando ya shafti, upande unaotazama dari kikinga kikiwa kimelala. Na kama kikinga chako kina taa ya kioo cha kujitazamia, waya zake hupita ndani ya shafti, kwa hiyo ondoa kichwa cha betri kwanza.

Ndani: sponji iliyokuwa inageuka unga, fremu ya waya, na kwenye kona ya kitako nyumba ya plastiki nyeusi. Ndani ya nyumba hiyo mna klipu ya chuma cha springi iliyokunjwa kama herufi U, na shafti inapita kwenye tumbo la ile U.

Nikamlaumu klipu. Kila fundi niliyemuuliza alimlaumu klipu pia: springi imechoka, ibane. Niliitoa, nikaifinya kwenye jiliwa. Springi haikubali kufinywa kidogo; ukiiachia inarudi, kwa hiyo inabidi uipitishe mbali kuliko unapotaka, kisha ipumue. Msithubutu kuipasha moto ili ilainike. Chuma cha springi kikifika wekundu na kuachwa kipoe chenyewe kinapoteza uspringi wake, na hapo umebaki na kipande cha bati. Niliifinya baridi, mara 5, kidogo kidogo. Gramu 300. Siku 6 baadaye: 140.

Nilikasirika sana usiku huo. Nilikifungua tena, nikakaa na nyumba ile ya plastiki chini ya taa, na ndipo nilipoona mstari mweupe. Ufa. Ulianzia mdomoni mwa nyumba, ukafuata kona ya ndani mpaka karibu na tundu la fremu. Niliweka alama ya kalamu mwishoni mwake, nikapima: milimita 19. Nikarudi kwenye picha niliyopiga nilipokifungua mara ya kwanza, nikaukuza ule upande. Ufa ulikuwepo tangu siku ile, mfupi zaidi, mimi ndiye sikuutazama. Nikaingiza shafti polepole nikiwa nimeukodolea macho: mashavu ya nyumba, yaani kuta zake 2 zinazobana klipu, yakafunguka, ufa ukatanuka kama mdomo wa samaki. Nikachukua klampu ndogo ya seremala, nikayabana mashavu yale kwa nje, nikapima. Gramu 450!

Kwa hiyo klipu haikuwa na kosa. Klipu ile kwa asili yake ni laini. Inatoa "tak" na inasambaza nguvu, lakini kinachoikandamiza juu ya shafti ni mashavu ya plastiki. Mashavu yakiachana, klipu inafuata. Na mimi kwa kuifinya klipu iwe ngumu nilikuwa nimeweka kabari ndani ya nyumba iliyopasuka. Ufa ulirefuka kwa sababu yangu. Kama unasoma hapa na umeshika koleo tayari, iweke chini, utafute ufa kwanza.

Sasa gundi. Supaglu ilibanduka nzima, safi, kama ganda la yai. Nikakwangua kwa msasa namba 120 nikaweka epoksi ya chupa 2, nikaiacha saa 24. Ilibanduka kwa kidole. Nikakwangua unyoya wa plastiki ile nikauweka kwenye bilauri ya maji: ukaelea. Niligeuza nyumba, nikakuta kwa ndani herufi PP zimechapwa katikati ya mishale 2. Polipropilini. Ina utelezi kama nta, gundi za kawaida haziishiki. Zingekuwa herufi za ABS, plastiki ya aina nyingine, unyoya ungezama na gundi ingeshika, na hadithi hii ingekuwa fupi. Gundi ya bunduki ya joto sikuijaribu na siwezi kumshauri mtu aijaribu: ndani ya gari lililofungwa juani inalainika tena.

Niliyeyusha ufa kwa chuma cha kusodea, nikazamisha vipande vya waya kuvuka ufa. Kazi ilitoka nzuri kwa macho. Wiki 2 ilishika, halafu ufa mpya ukatokea pembeni ya ule nilioziba, sambamba nao. Hapo nikaelewa kwamba kiraka hakikuwa jibu. Plastiki ikikaa chini ya mvuto ule ule mchana na usiku, tena kwenye joto, inajinyoosha polepole na kuachia. Ndivyo ilivyopasuka mara ya kwanza, na ndivyo ambavyo ingepasuka kila mara. Dawa ilikuwa kuiondolea plastiki mzigo na kumpa chuma.

Nilikata vibati 2 vya milimita 14 kwa 22, unene milimita 1, nikavipiga tupa kona zote ziwe mviringo ili visitoboe reksini. Kimoja kila shavu. Skrubu moja ya M3, yaani ya kipenyo cha milimita 3, inapita vyote: bati, shavu, shavu, bati. Tundu la milimita 3.2, kitovu chake milimita 9 kutoka kitovu cha shafti, upande wa mdomo wa U. Kabla ya kutoboa weka kijiti cha mbao katikati ya mashavu, vinginevyo drili inayakandamiza pamoja na tundu linatoka limepinda. Na isukume sponji mbali kabisa. Yangu ilijisokota kwenye ncha ya drili kwa kufumba na kufumbua, ikang'oka kipande kizima ikaniachia shimo la ukubwa wa ndimu. Nati iwe ile yenye pete ya nailoni ndani, mtetemo wa gari usiilegeze.

M3 ya kawaida ina hatua ya nusu milimita kwa mzunguko, kwa hiyo robo mzunguko inasogeza mashavu karibu milimita 0.125. Kwenye kikinga changu kila robo iliongeza takriban gramu 70. Robo ya kwanza 200, ya pili 270, ya tatu 345, ya nne 410. Niliishia hapo, nikakisukuma darini.

Tak.

Nilikisukuma na kukishusha labda mara 30 nikisikiliza mlio ule.

Mpango ulikuwa nishone usiku ule ule, kisha nibadilishe waya za taa ya kioo, kisha nihamie kwenye kitambaa cha dari kinachobanduka nyuma. Hakuna hata kimoja nilichofanya, kwa sababu nikiwa nimeshika sindano lilinijia wazo: kwa nini nifukie skrubu hii ambayo siku moja nitataka kuikaza? Nikafumua tena. Nikabadilisha skrubu kuwa ya aleni, yenye tundu la pembe 6 kichwani. Bati la upande wa nati nililitengeneza upya, refu kidogo, nikakunja ukingo wake usimame kando ya ubavu wa nati, hivyo nati haiwezi kuzunguka hata bila kushikwa. Halafu nikatoboa reksini juu ya kichwa cha skrubu na kuweka kijicho cha chuma kama vile vya kamba za viatu, upande unaotazama dari. Sasa kikinga kikilegea nakishusha, naingiza ufunguo wa aleni wa milimita 2.5, robo mzunguko, nimemaliza. Nakipenda kijicho kile. Kimetulia kama kilitoka nacho kiwandani.

Kushona nilitumia sindano iliyopinda na uzi wa poliesta. Nailoni haivumilii jua kama poliesta. Mshono wa kuficha, milimita 4 kwa 4, ukianza mbali na kitako. Sikutaka gundi kwenye reksini kuukuu, mafuta yanayotoka ndani ya reksini yenyewe huigeuza utelezi. Na tafadhali, kikinga kikilia msikipulizie mafuta. Mafuta yakiingia kwenye klipu ule msuguano wote umeukata kwa sekunde moja, na kuyatoa lazima ufungue kila kitu.

Namba za ukutani: siku ya kwanza 410, siku ya 5 400, siku ya 12 395, leo 395. Ule upungufu wa mwanzo nadhani ni plastiki kukaa sawa chini ya vibati. Ikishuka chini ya 300 nitaikaza.

Kikinga cha abiria nilikipima tena jana, kilikuwa 400 miezi 4 iliyopita. Sasa kinasoma 320. Vibati vyake 2 nimeshavikata, viko mezani vinasubiri tupa.