Mlinzi Hakuwa Kizimbani

Jumapili ya kwanza ya Majilio, msomaji alipofika pale Isaya anaposema panga zitafuliwa ziwe majembe, mke wangu alinigusa kiwiko. Anajua. Somo hilo likisomwa, mimi nabaki kwenye benchi mwili tu. Akili imeshafika Knoxville, Tennessee, Februari 18, 2014.

Nilikwenda mahakamani moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, sare ya ulinzi ikiwa chini ya koti. Adhabu ilikuwa itolewe Januari, theluji ikaahirisha. Kesi yenyewe ni hii: alfajiri ya Julai 28, 2012, wapinzani watatu wa silaha za nyuklia, Sista Megan Rice, Michael Walli na Greg Boertje-Obed, walikata nyua za kiwanda cha Y-12 huko Oak Ridge, kilekile kilichorutubisha urani ya bomu la Hiroshima. Wakafika hadi kwenye jengo linalohifadhi urani ya silaha. Wakamwaga damu, wakaandika maneno ya amani ukutani, wakagonga zege kwa nyundo hadi likamegeka kidogo. Nyundo hiyo ni ya Isaya, ndiyo maana nawataja kila Majilio. Baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani kwa kuharibu mali ya serikali na kwa kuhujumu ulinzi wa taifa.

Mawakili walisema mengi na mimi nilisinzia kidogo. Usingizi uliniisha aliposimama sista.

Alikuwa na miaka 84, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Alifundisha Afrika Magharibi miaka mingi, na ilisikika: aliongea kama mwalimu asiyehitaji kupaza sauti ili darasa litulie. Nilitegemea yale ya siku zote, umri, afya, utumishi wa muda mrefu. Badala yake alimwomba jaji asimwonee huruma. Kubaki gerezani maisha yake yote yaliyosalia, alisema, ingekuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo jaji angeweza kumpa. Nimewahi kuona watu wakilia mbele ya jaji, wakiapa, wakitaja watoto wao. Sikuwa nimeona mtu akimpokonya jaji huruma kabla hajaitoa. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anatabasamu, machozi yakimtiririka. Mimi nilimtazama jaji tu, nione atafanya nini na mikono yake.

Nilikuja nikiwa tayari kumchukia Jaji Amul Thapar, na haikuwa rahisi. Alikiri kwamba wale watu walikuwa wametenda mema mengi. Alisema nguvu ile yote ingeelekezwa kwenye kubadilisha sheria, pengine kitu kingekuwa kimebadilika. Kisha akatoa miezi 35 kwa sista na miezi 62 kwa kila mmoja wa wale wanaume wawili, ambao wote waliwahi kuwa wanajeshi. Ilikuwa pungufu ya kilichopendekezwa na mwongozo wa adhabu, lakini gereza ni gereza. Juu yake, fidia ya dola 52,953 kwa uharibifu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonikera. Uzio ulihesabiwa, rangi ikahesabiwa, ukuta ukahesabiwa. Mlinzi aliyewakuta alfajiri ile hakuhesabiwa. Alifika akakuta wazee watatu wakimkaribisha mkate, akaona si watu wa kumdhuru, hakuwatolea bastola. Akafukuzwa kazi. Amani iliyohubiriwa ukutani ni yeye aliyeitenda, na hakuna benchi lililojaa watu wa kumwimbia. Nilimwambia hivyo yule mama tulipotoka. Akasema wanamwombea. Nikamwuliza kama wamemlipia kodi ya nyumba, nikaona nimevuka mpaka, nikaomba radhi. Swali lenyewe sikulifuta.

Mei 2015 mahakama ya rufaa ilitengua hatia ya hujuma, wote watatu wakatoka. Sista Megan alifariki Oktoba 2021. Nikisikia jina lake bado nashindwa kuchagua kati ya kumvulia kofia na kumwuliza kuhusu yule mlinzi.

Usiku wa siku ile ya hukumu nilirudi zamu. Msimamizi alikuwa amesikia habari kwenye redio, akaniuliza: ukimkuta bibi kizee na nyundo ndani ya ua wetu, utafanyaje? Nikamjibu kwamba nitafuata utaratibu. Akauliza utaratibu unasemaje. Tukatafuta lile jalada pamoja, na lilikuwa na kurasa nyingi kuhusu moto.