Kambare kama ametiwa bizari

Leo nimeona mambo wallahi.

Shemeji katoka Kwale asubuhi, alienda kuvua na ndoano kwenye bwawa la rafiki yake, akaniletea kambare wawili. Mimi mtu wa Likoni, samaki wangu changu na tafi, huyu wa maji baridi ni mara mojamoja.

Nachana mgongo... nyama njano!! Njano ya kiini cha yai la kienyeji, nikamuuliza binti yangu we ushatia bizari hata sijaosha? Akanitizama tu.

Nikanusa, hana harufu. Nikabonyeza, nyama inarudi. Matamvua mekundu.

Nikampigia shemeji, anacheka, ati kule wanalishwa chakula cha kuku, mahindi ya njano matupu, na ile rangi ya mahindi ndiyo inayokaa kwenye nyama vile inavyokaa kwenye yai. Kumbe!

Nimempika wa nazi, mtamu. Mama lakini kala wali na mchicha, jicho kwenye ile minofu kama itamrukia 😂

Nyie mngekula? Nani ashawahi kukutana na hii?