Nukta Mkato Tatu za Kifungu cha 10

Mwaka 2011 nilikuwa msomaji prufu katika kampuni ndogo ya uchapishaji jijini Nairobi, na tulikuwa tukiandaa kijitabu cha Kiingereza cha kuwaeleza wanafunzi wa sekondari Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa Agosti 2010. Mhariri wetu, mama ambaye sote tulimwita Mwalimu kwa kuwa alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mingi, aliniita mezani pake jioni moja, akanionyesha Kifungu cha 10, kile cha maadili ya kitaifa.

Mwandishi alikuwa ameondoa herufi za vipengele na kuweka mikato kila mahali, hivyo uzalendo, utawala wa sheria, utu, uadilifu na maendeleo endelevu vyote vilifuatana katika mkururo mmoja.

"Soma kwa sauti, mwanangu, kisha uniambie kundi la kwanza linaishia wapi."

Nilisoma mara mbili, na sikupata mpaka wowote. Alichukua penseli akatia nukta mkato baada ya "participation of the people", nyingine kabla ya "good governance", na ya tatu kabla ya "and sustainable development". Papo hapo makundi manne yalijitenga, matatu ya kwanza yakiwa na mikato yake ndani.

Nilimwomba anieleze na matumizi yale mengine ya nukta mkato, ya kuunganisha sentensi mbili kamili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzuri zaidi. Aliandika pembeni: "The rains failed, the maize dried up." Alifunika upande wa kulia kwa kiganja, akaniuliza kama kilichobaki ni sentensi kamili; kisha akafunika wa kushoto, akauliza vivyo hivyo. Pande zote mbili zilijitegemea, kwa hiyo mkato peke yake usingetosha. Nukta ingekubalika, lakini ingeitenga mvua na mahindi, ilhali nukta mkato humwachia msomaji aone mwenyewe kilichosababisha kingine. Alipotanguliza "Because" na kufunika tena upande wa kulia, sentensi ilibaki ikining'inia. Hapo, alisema, mkato unatosha. Kwa "however" inayounganisha sentensi mbili, nukta mkato hutangulia na mkato hufuata.

Mwandishi alipopinga, akidai kwamba alama hizo zingewatisha wanafunzi, Mwalimu alimsomea kifungu kizima kwenye simu, akitua kwa muda mrefu zaidi penye kila nukta mkato. Kijitabu kilichapishwa zote tatu zikiwemo.