Ng'ombe Waliokula Wasinenepe

Kwa miaka mingi nilisoma sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo nikikimbilia pale Yusufu anapovishwa pete na Farao, mfalme wa Misri, na ndoto ya mfalme huyo, ambayo Yusufu aliifasiri, nikaipita juu juu, kwa kuwa nilidhani nimekwisha kuielewa: ng'ombe saba wanono ni miaka saba ya shibe, na saba waliokonda ni miaka saba ya njaa. Wiki iliyopita, katika jumuiya yetu, tuliisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo nilipotambua kwamba ndoto hiyo inasimuliwa mara mbili, na masimulizi hayo hayalingani.

Mara ya kwanza tunaambiwa tu kwamba ng'ombe wabaya waliwala wazuri, Farao akaamka. Mara ya pili ni Farao mwenyewe anayemsimulia Yusufu, mtu wa miaka 30 aliyetoka gerezani muda huo huo, amenyolewa na kubadili mavazi. Hapo mfalme anaongeza mambo mawili: kwamba hajapata kuona ng'ombe wabaya kiasi kile katika nchi yote ya Misri, na kwamba walipokwisha kuwameza wenzao haikutambulikana kuwa wamekula, kwani walibaki wamekonda vilevile. Mzee mmoja miongoni mwetu, aliyefuga maisha yake yote, alisema taratibu kwamba ng'ombe mwenye njaa hamtishi mfugaji, maana malisho yatamrudisha. Anayetisha ni yule anayekula na mwili haupokei.

Naamini fumbo lilifumbukia hapo. Katika aya ya 31 Yusufu anasema kwamba shibe haitajulikana tena katika nchi kwa sababu ya njaa itakayofuata, nayo ndiyo hofu ile ile aliyoitamka mfalme, sasa ikiwa na maana. Yusufu alikuwa amesikiliza. Tusisahau pia kwamba ng'ombe wote 14 walipanda kutoka mto mmoja, mto Nile, ambao mafuriko yake ndiyo yaliyoilisha Misri.

Farao alitaka tafsiri peke yake. Ushauri wa kuweka akiba sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, na kuhifadhi nafaka mijini, Yusufu aliutoa bila kuulizwa, katika pumzi ile ile, kabla hajajua kama angerudishwa gerezani.