Songwe ipi, Portland ipi?

Mwezi wa sita Mbeya haina utani. Ukipita Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi, kila anayefungua mdomo anatoa mvuke kama mvuta sigara. Wengine wanalaani baridi, mimi naishukuru, kwa sababu nauza mitumba, na ndani ya mitumba nauza zaidi masweta mazito ya kofia, yale vijana wanayaita hudi. Baridi ikikaza, mimi nacheka.

Juni mwaka jana nilifungua belo lililonyooka kweli. Unajua belo ni bahati, unaweza kukata kamba ukakuta nusu ni suruali za kuogelea, na huku Uyole wanaota moto. Hili halikuwa hivyo. Humo nikatoa hudi moja ya bluu, nzito, haijafuliwa hata mara tatu. Kifuani imeandikwa PORTLAND kwa herufi kubwa, chini yake amechorwa yule mdudu mwekundu wa baharini mwenye magando, watu wa pwani wanamwita kambakochi, na chini kabisa kwa herufi ndogo: Maine.

Kijana mmoja wa chuo cha pale Iyunga akaiona. Nikamtajia 15,000, akalipa bila kuomba hata mia ipungue. Hilo peke yake lilitosha kunishtua.

Kesho yake karudi nayo kwenye mfuko.

"Mama, samahani. Hii siyo Portland yenyewe."

"Yenyewe ndiyo ipi, mwanangu?"

"Portland ya Blazers, ile timu ya kikapu, ya jimbo la Oregon. Hii ni ya jimbo la Maine. Wenzangu wa kikapu wamenicheka jana uwanjani."

Nimerudishiwa nguo kwa kubana, kwa zipu kufa, hata kwa harufu. Kwa jiografia, ile ilikuwa mara ya kwanza. Nilimbadilishia, nikampa nyekundu iliyoandikwa CHICAGO, akaondoka ameridhika. Na Chicago ile haikuwa na herufi ndogo chini. Haikujieleza. CHICAGO, basi.

Tangu siku hiyo nimekuwa msomaji wa vifua. Belo likifunguka, kabla sijaangalia madoa, nasoma. Boston inakuja peke yake. Las Vegas peke yake. Miami peke yake, na mnazi pembeni. Lakini Columbus inakuja na Ohio, Rochester inakuja na New York au Minnesota, na Springfield ndiyo kabisa, bila jimbo sijui hata nimwambie nini mteja, maana ipo ya Illinois, ipo ya Massachusetts ambako kikapu chenyewe kilibuniwa mwaka 1891, ipo ya Missouri. Nikawa nawaza, kwani huko kwao nani anaamua huyu atembee na baba yake na yule atembee peke yake?

Jibu nilipewa na shemeji yangu, anayefanya kazi redioni hapa mjini. Alikuja kuniomba sweta la bure, nikamlipisha kwa maswali. Akasema waandishi wa Marekani wana mwongozo wa shirika la habari la Associated Press, na humo mna orodha ya miji 30 tu ya kwao inayoruhusiwa kusimama mwanzoni mwa habari bila jina la jimbo. Mingine yote, hata iwe na maghorofa kiasi gani, inatajwa na jimbo lake. Akanifungulia orodha kwenye simu. Chicago imo, Boston imo, Miami imo, Las Vegas imo. Vifua vyangu vilikuwa vinasema kweli.

Nilidhani basi ni ukubwa. Mji mkubwa unajulikana, mdogo unaelezwa. Shemeji akacheka, akaniambia tafuta idadi ya watu. Kwa sensa yao ya 2020, Columbus ya Ohio ilikuwa na watu 905,748. Boston ilikuwa na 675,647. Yaani Columbus inaizidi Boston kwa watu zaidi ya 200,000, lakini haimo kwenye orodha. San Jose ya California ilivuka milioni moja, nayo haimo. Halafu imo Salt Lake City, yenye watu 199,723. Hawafiki hata laki mbili!

Nilikaa na hiyo siku nzima, huku nakunja suruali. Ukiiangalia vizuri inaeleweka. Jina Salt Lake City maana yake ni Jiji la Ziwa la Chumvi, na ziwa lenyewe liko pale. Ukilitaja hakuna mtu atakayeuliza lipi. Columbus ni jina la yule baharia, na kwa kuwa Wamarekani walimpenda, kila jimbo likataka lake: Georgia wana Columbus, Indiana wanayo, Mississippi wanayo. San Jose ni Mtakatifu Yosefu, na waliofika na msalaba walimwacha kila mahali, hadi mji mkuu wa Costa Rica unaitwa hivyo. Ni kama ujenge nyumba ya ghorofa kumi halafu uiite Majengo. Ghorofa utakuwa nazo, lakini ukisema "nakaa Majengo" utaulizwa ya wapi mpaka uzeeke.

Na hapo lazima niwasimulie belo la Songwe, kwa sababu lilinigharimu.

Kaka yangu anakaa Songwe, upande wa kiwanda cha saruji, na mkewe anauza nguo za watoto. Niliwaagizia belo kwa tajiri wangu wa Dar. Nikamwambia liandike Songwe, washushe hapo barabarani, kaka atalipokea. Akaandika SONGWE na namba ya simu, na namba yenyewe akakosea tarakimu moja. Basi likapita Mbeya usiku, likapita Mbalizi, likapita Songwe yenyewe na kaka yangu amesimama pale na tochi, likaenda kushusha belo Vwawa. Kondakta nilipompata alikuwa na uhakika wake wote: "Dada, umeandika Songwe. Makao makuu ya Songwe ni Vwawa." Nikakosa cha kumjibu. Kwa karatasi, kijana alikuwa sahihi.

Wasio wa huku wajue hivi. Songwe ya kaka yangu iko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, ukakatwa kutoka Mbeya. Uwanja wa ndege wa Songwe ulikuwa umeshafunguliwa tangu mwishoni mwa 2012, na mpaka leo hauko Mkoa wa Songwe, uko Mkoa wa Mbeya. Kila siku kuna mgeni anayeshuka pale akidhani ameshafika mkoani Songwe, kumbe bado ana safari. Na ukisema tutofautishe kwa mto ndiyo unajimaliza, kwa sababu hata Mto Songwe si mmoja. Upo unaokwenda Ziwa Rukwa, na upo unaoshuka Ziwa Nyasa, ule wa mpaka wetu na Malawi.

Sasa mwaka huu nikapata kapelo nyekundu ya Kansas City. Mteja akaniuliza hiyo Kansas iko wapi, nikamjibu kwa kujiamini kwamba ni mji wa jimbo la Kansas, jina si linasema? Jioni nikaangalia. Nilijiona kondakta. Kansas City kubwa, yenye timu ya Chiefs, iko jimbo la Missouri. Kuna Kansas City nyingine ndogo ng'ambo ya mpaka, hiyo ndiyo ya Kansas. Na sababu ni ileile ya kwetu: mto. Mji uliota pale Mto Kansas unapoingia Mto Missouri, ukajiita kwa jina la mto, ukawa halmashauri mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kansas kuwa jimbo ilikuwa 1861. Mji ulitangulia, upande wa Missouri, jimbo likaja baadaye ng'ambo ya mpaka na jina lilelile, na mji ukabaki upande wa jirani. Uwanja wetu wa ndege mtupu!

Nilifarijika zaidi kusoma kwamba Februari 2020, Chiefs walipochukua Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, Rais Donald Trump aliandika Twitter akiwapongeza kwa kuliwakilisha vizuri jimbo la Kansas. Ujumbe ukafutwa, ukaja mwingine wa Missouri. Kama rais wa nchi amepeleka belo Vwawa, kondakta wangu namsamehe. Nauli ya kulirudisha sijaisamehe.

Turudi kwa mdudu mwekundu. Ile hudi ilibaki kwangu miezi miwili, na kwa kuwa nilikuwa naiona kila siku nikataka kujua kesi yake. Kumbe kijana wa chuo alimrudisha mama akidai mtoto. Mwaka 1845 huko Oregon walikuwa watu wawili wenye kiwanja kimoja porini, Francis Pettygrove aliyetoka Portland ya Maine, na Asa Lovejoy wa Massachusetts. Kila mmoja akataka kijiji kipya kiitwe jina la kwao. Lovejoy alitaka Boston. Wakarusha sarafu ya senti moja, mara tatu, anayeshinda mbili ndiye. Pettygrove akashinda mbili. Senti yenyewe imehifadhiwa mpaka leo na chama cha historia cha Oregon. Na Maine nao hawakulitunga, walilichukua Uingereza.

Sasa fikiria sarafu ingeanguka upande wa pili. Leo kungekuwa na Boston mbili kubwa, moja mashariki na moja magharibi, na ile Boston inayojidai kutembea peke yake huenda ingekuwa inaulizwa ipi, kama wengine. Portland ya Maine ingebaki inatamba peke yake na kambakochi wake. Senti moja tu.

Mji kusimama peke yake, naona, kunategemea aliyeko mbali anakumbuka nini akisikia. Mimi nalala Ruanda. Hapa mjini sihitaji kueleza, bodaboda anajua, ni kata ya Jiji la Mbeya, kama Ghana ilivyo kata. Mtu wa Mbeya anaweza kunywa chai Ghana na kulala Ruanda bila pasipoti. Lakini nikifika Mbozi tu, naulizwa ni Ruanda ya hapa au ya Mbeya, maana na wao wanayo. Nikienda Mbinga, wanayo. Nikipiga simu Dar kwa mteja mpya, nikasema niko Ruanda, ananyamaza kwanza. Mmoja aliniuliza ushuru wa forodha analipa nani.

Mwenyewe pia naumbuka. Mama mmoja alinunua sweta tano akaniambia anapeleka Ilala. Nikamwonea huruma, nikamwambia kwa joto la Dar hizo hutauza hata moja. Akaniangalia. "Ilala ya Iringa, mdogo wangu. Unaijua baridi ya Iringa?" Nilimpunguzia 2,000 kwa aibu. Kwake Ilala ni moja na iko Iringa, kwa nini ajieleze? Ndivyo ilivyo pia Kasanga kwa mtu wa Mufindi, ingawa ukimtajia wa Rukwa anafikiria bandari ya Ziwa Tanganyika.

Hudi ya Maine ilinunuliwa mwezi wa nane na mzee mmoja wa Tukuyu. Hakusoma maandishi hata kidogo. Alimgusagusa yule mdudu, akauliza kama analiwa, nikamwambia nasikia ni ghali sana. Akalipa 9,000, akaivaa palepale juu ya koti.

Na tajiri wangu wa Dar, baada ya kisa cha Songwe, nilimpigia nikamfokea vya kutosha. Nikamwambia kuanzia sasa aandike mahali kamili. Juzi belo limefika, salama, limeandikwa kwa kalamu nene pande zote mbili: MWANJELWA, MBEYA JIJI, MKOA WA MBEYA, TANZANIA.

Nikampigia. "Kaka, Tanzania tena ya nini? Belo si limetoka Dar?"

"Dada," akasema, "hilo basi linakwenda hadi Tunduma. Dereva akipitiliza Mbeya, akapitiliza na Vwawa, unadhani mbele yake kuna nini?"